Sifa, Deheni na Kalafati: Historia ya Utunzaji wa Mbao za Vyombo vya Tanga katika Pwani ya Afrika Mashariki kwa Ushahidi wa Msamiati

Ikisiri

Historia ya vyombo vya tanga vya Pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo mawili: namna chombo kilivyoundwa, na biashara iliyobebwa nacho. Kazi iliyokuwa baina ya hayo mawili, yaani kazi ya kila msimu ya kuzihifadhi mbao zisiliwe na jua, chumvi na wadudu, imeguswa kijuujuu. Makala hii inaichunguza kazi hiyo kwa kufuata maneno matano ya Kiswahili: sifa, deheni, kalafati, msasa na sandarusi. Inadai kwamba maneno haya ni kumbukumbu ya maarifa yaliyopangwa kwa sehemu za chombo na kwa majira ya mwaka, na kwamba kuyafupisha yote kuwa "kupaka rangi", kama inavyoelekea kutendeka leo katika istilahi za mafunzo, ni kuyafuta maarifa yenyewe. Makala inamalizia kwa mapendekezo kwa watunga kamusi, wakuza mitaala na wasimamizi wa urithi katika nchi za ukanda huu.

Maneno muhimu: utunzaji wa vyombo, msamiati wa ubaharia, deheni, sandarusi, historia ya pwani

1. Utangulizi

Methali ya Kiswahili itajwayo zaidi panapozungumzwa utunzaji ni ile isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya nyumba. Mwenye ukuta uliopasuka hupewa muda: anaweza kungoja mvua zipite, akakopa chokaa, akamwita fundi. Nahodha aliyeondoka bandarini na ufa baina ya mbao mbili hana nafasi hiyo. Kwa hiyo watu wa pwani walijenga juu ya chombo utaratibu wa matengenezo ulio mkali kuliko ule wa nyumba, wakaupa msamiati wake. Msamiati huo haukuingia katika methali nyingi, nao haujaingia vya kutosha katika vitabu vyetu vya historia.

Wataalamu waliotangulia wametuachia mengi. Hornell alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wake kuhusu mtepe na dau la mtepe wa visiwa vya Lamu. Prins (1965) aliichambua jamii ya mabaharia wa Lamu kwa undani. Sheriff (1987) aliueleza uchumi wa Zanzibar ya karne ya 19 na nafasi yake katika biashara ya dunia. Agius (2002) alionyesha, kwa upande wa Oman na Ghuba, jinsi majina ya vyombo na vifaa vyake yanavyoweza kusomwa kama historia. Makala hii inaifuata njia hiyo ya mwisho, ila inaielekeza kwenye kazi moja: kuzitunza mbao za nje, kuanzia mkuku hadi kingo za juu na nakshi za tezi.

Mipaka ya makala ni pwani na visiwa vyake. Vyombo vya maziwa makuu, ikiwemo mitumbwi ya kushonwa ya visiwa vya Ssese nchini Uganda, vina historia yao inayostahili uchunguzi wake. Maji yasiyo na chumvi hayana mdudu yule wa baharini atoboaye mbao, hivyo maswali ya utunzaji huko ni mengine.

2. Ushahidi wa kale: mafuta, shahamu na chokaa

Kwamba vyombo vya pwani hii vilikuwa vya kushonwa ni jambo la kale sana. Mwongozo wa Kigiriki wa karne ya 1 uitwao Periplus ya Bahari ya Erithrea unataja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta na katika kisiwa cha Menouthias. Mwandishi wake hakueleza zilivyotunzwa. Hata hivyo, chombo cha kushonwa kina sharti ambalo chombo cha misumari hakina: mshono wake ni wa nyuzi, nazo nyuzi huchakaa. Chombo kama hicho huhitaji kukazwa au kushonwa upya mara kwa mara. Katika vyombo vya namna hiyo kuunda na kutunza havitengani. Fundi huunda chombo kilekile tena na tena.

Waandishi wa Kiarabu ndio waliotupa habari za mipako. Al-Masudi, aliyesafiri hadi kisiwa cha Qanbalu katika pwani ya Zanj na kuondoka huko mara ya mwisho mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917 wa Miladia, aliandika kwamba vyombo vya bahari hii vilishonwa kwa nyuzi na kupakwa shahamu na chokaa. Abu Zayd wa Siraf, katika karne hiyohiyo ya 10, alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyochanganywa na vitu vingine ili kuziba mianya ya vyombo. Ibn Jubayr, aliyepita katika bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, alitaja mafuta ya aina tatu yaliyopakwa mbao: samli, mafuta ya mbarika na mafuta ya papa, akayapa ya papa daraja ya kwanza. Alitoa na sababu: mafuta huufanya ubao uwe laini na wenye kunyumbuka, ili chombo kikigusa miamba kisivunjike. Mwishoni mwa karne ya 13 Marco Polo naye aliviona vyombo vya Hormuz vikipakwa mafuta ya samaki. Hakuvipenda, lakini alichokiona ni kilekile.

Inafaa tuwe waangalifu hapa. Ni al-Masudi peke yake, miongoni mwa wasafiri hawa, ambaye tunajua kwa hakika kuwa alifika pwani yetu. Wengine walieleza bandari za mbali. Hata hivyo, vyombo vya pepo za msimu havikuwa na uraia mmoja. Chombo kilichopakwa Oman kiliendelea kupakwa Lamu na Unguja, na mabaharia wake walikuwa wa pande zote. Ushahidi wa kwamba maarifa haya yalikuwa ya bahari nzima umo katika lugha yenyewe, kama tutakavyoona.

Ni vyema pia kuizingatia sababu aliyoitoa Ibn Jubayr. Yeye hakusema kwamba mafuta hupakwa ili chombo kipendeze, wala ili ubao ufunikwe. Alisema ubao hulainishwa. Huu ni mtazamo wa kuulisha ubao, nao ni tofauti na mtazamo wa kuuvika ubao ngozi ya juu. Tofauti hii ndiyo uti wa mgongo wa makala hii.

3. Sehemu za chombo na majira ya kazi

3.1 Deheni: chini ya mstari wa maji

Neno deheni linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya mafuta na kupaka mafuta. Katika Kiswahili maana yake imebana: ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu upakwao sehemu ya chombo inayokaa majini. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Shahamu ni ya ng'ombe, kondoo au mbuzi. Chokaa ikikutana na shahamu hufanya kitu mfano wa sabuni ngumu isiyoyeyuka majini. Kitu hicho huwazuia kome na viumbe wengine wagandao, na muhimu zaidi humzuia yule mdudu atoboaye mbao. Ni mpako uleule aliousimulia al-Masudi miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Ulipoundwa upya mfano wa chombo cha kushonwa cha karne ya 9, Jewel of Muscat, kilichosafiri kutoka Oman hadi Singapore mwaka 2010, waundaji waliurudia mchanganyiko huohuo wa mafuta ya mnyama na chokaa.

Deheni haina urembo. Huupa upande wa chini wa jahazi ile rangi nyeupe iliyofifia ionekanayo chombo kinapokuwa kitupu. Wala haidumu: huliwa na maji na kusuguliwa na mchanga, ndipo hupakwa upya.

3.2 Sifa: juu ya mstari wa maji

Juu ya mstari wa maji kazi ni ya sifa. Kiswahili kina maneno mawili yenye umbo hili. Moja ni la Kiarabu cha vitabu, lenye maana ya wasifu na kusifu. Hili kila mwanafunzi analijua. Jingine ni la Kiarabu cha mabaharia wa Oman na Ghuba, lenye maana ya mafuta ya samaki, hasa mafuta ya maini ya papa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyatambua yote mawili. Msomaji wa leo akikuta katika maandishi ya zamani kwamba mabaharia walikuwa wakipaka sifa, huenda akadhani ni tamathali ya usemi. Si tamathali. Maini ya papa yalikatwa, yakatiwa katika pipa au debe na kuachwa juani mpaka yayeyuke. Mafuta yake yalipakwa ubavu wa juu, hanamu, mlingoti, foromali, usukani na nakshi za tezi, kwa kitambaa au kwa kishada cha nyuzi. Shombo lake lilitangulia chombo bandarini.

Kwa nini mafuta, wala si mpako mgumu? Jua la pwani hukausha ubao upande wa nje huku ndani ukiwa na unyevu. Ubao hupanuka na kusinyaa kila siku. Mpako mgumu wa juu hauwezi kufuata mwendo huo. Hupasuka, maji hupenya chini yake, na ubao huanza kuoza mahali pasipoonekana. Mafuta hayapasuki. Yakipungua, jicho huliona hilo mapema, kwani ubao hubadilika kuwa wa kijivu, na tiba yake ni kupaka tena juu ya yale ya zamani bila kukwangua chochote. Hoja hii haijachakaa. Hadi leo wenye mashua za starehe za Ulaya na Marekani hubishana iwapo mbao za msaji za nje zipakwe mafuta au vanishi, na hoja za pande zote mbili ni hizihizi.

3.3 Kalafati: baina ya mbao

Kati ya ubao na ubao ni mahali pa kalafati. Neno hili limesafiri kuliko chombo chochote: lina ndugu zake katika Kiarabu, Kituruki, Kigiriki na Kireno, na wanaisimu hawajakubaliana juu ya chanzo chake. Kiswahili hulitumia kama nomino, yaani pamba au nyuzi zitiwazo katika mianya, na kama kitenzi, kukalafati. Pamba hulowekwa mafuta, husokotwa, kisha hupigiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ikipigiliwa kidogo, chombo huvuja; ikipigiliwa kupita kiasi, mbao zikilowa na kupanuka huachana. Fundi huujua wakati wa kuacha kwa sauti ya nyundo.

Nyuma ya fundi palikuwa na kazi nyingine isiyotajwa. Nyuzi za makumbi ya nazi, zilizotumika katika kamba na katika mishono ya vyombo vya kale, zilitokana na kazi ya wanawake wa vijiji vya pwani waliofukia makumbi ufukweni, wakayafukua baada ya miezi na kuyaponda. Katika bandari kubwa za karne ya 19, kazi nzito za kukwangua na kupaka zilifanywa na mabaharia wenyewe pamoja na vibarua, na katika Zanzibar ya wakati huo vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Historia ya utunzaji kwa hiyo ni historia ya kazi, na maneno yake yalikaa vinywani mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa.

3.4 Msasa: kabla ya mpako

Kabla ya mafuta huja kusugua. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, na majani hayo ndiyo yaliyotumika kulainishia mbao. Ilipokuja karatasi ya dukani yenye mchanga, Kiswahili hakikutafuta neno jipya. Kiliihamishia karatasi jina la jani. Baadaye neno likaingia ofisini, na leo twasoma magazetini kwamba walimu au watumishi wamepigwa msasa katika semina. Ni mfano mzuri wa neno la kazi za mikono lililopanda daraja. Bahati hiyo haikuyafikia deheni na kalafati.

3.5 Maji na pepo kama kalenda

Kazi zote hizi zilifuata bahari, si tarehe za ofisini. Chombo kililetwa pwani kwa bamvua, wakati wa mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Unguja na Mombasa hukaribia mita 4. Kilipopwelewa kiliegemezwa kwa gadi, yaani nguzo za kukizuia kisilale upande. Tangu hapo mafundi walikuwa na saa chache tu mpaka maji yarudi: kukwangua, kupitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao ili kuua wadudu na kukausha unyevu, kukalafati palipolegea, kisha kupaka deheni. Maji mafu hayakufaa kwa kazi hii, kwani hayakufika juu vya kutosha kukileta chombo mahali pake, wala hayakushuka chini vya kutosha kuufunua mkuku.

Kalenda ya mwaka ilifuata pepo. Vyombo vya Arabuni na Ghuba vilikuja na kaskazi, vikangojea mageuzi ya upepo, na katika kungojea huko vikatengenezwa katika hori la Funguni mjini Zanzibar, katika bandari ya kale ya Mombasa, na katika vijiji vya mafundi kama Matondoni kisiwani Lamu. Villiers, mwandishi na baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, ameandika mengi juu ya maisha ya mabaharia katika kipindi hicho cha kungojea. Nayo kusi kali ya Juni na Julai, ambayo vyombo vidogo vingi hupunguza safari, ilikuwa nafasi ya matengenezo ya watu wa pwani wenyewe. Kwa maneno mengine, muda ambao wanahistoria wa biashara huuita wa kungojea ulikuwa, kwa upande wa chombo, muda wa kazi.

4. Sandarusi: mng'aro uliouzwa ng'ambo

Wakati mbao za pwani zilipokuwa zikipakwa mafuta ya papa, ardhi ya pwani hiyohiyo ilikuwa ikitoa malighafi ya vanishi bora kuliko nyingi duniani. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi. Ile yenye thamani haikugemwa mtini bali ilichimbwa ardhini, ambako utomvu wa miti iliyokufa zamani ulikaa ukawa mgumu kama jiwe. Ikisafishwa, ngozi yake huonekana na vipele vidogo mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Burton (1860) aliandika kwamba ile mbichi, isiyokaa ardhini, iliitwa chakazi, na kwamba wafanyabiashara wa kigeni mjini Zanzibar walilitamka neno hilo mpaka likawa neno la Kiingereza lenye maana ya punda. Jina hilo la mzaha likabaki katika biashara.

Wachimbaji walikuwa watu wa nyika ya pwani, miongoni mwao Wazaramo. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, walioanza kufika Zanzibar katika miaka ya 1820. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 alifika balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Sandarusi ilisafishwa, ikayeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini. Vanishi yake ilikuwa ngumu na yenye kung'aa. Ilipakwa samani na magari ya kukokotwa na farasi, yaliyokaa nje penye jua na mvua. Sunseri (2007) ameonyesha jinsi biashara hii, tangu takriban mwaka 1820 hadi 1905, ilivyogusa umiliki wa misitu na uhuru wa wakulima wa nyika ya pwani ya Tanzania ya leo.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama kisa cha watu waliouza kito bila kujua thamani yake. Usomaji huo si sahihi. Pwani iliijua sandarusi, ikaipa majina ya daraja zake na kuidai bei. Iliiuza kwa kiasi kikubwa nje kwa sababu vyombo vyake vilihitaji kitu kingine. Vanishi ya sandarusi ilikuwa kilele cha mtazamo wa kuuvika ubao ngozi ngumu, nayo mashua inayopwelewa mchangani kila siku, inayosuguliwa na kamba na mizigo, na ambayo mbao zake hunyumbuka mawimbini, humpa ngozi hiyo maisha mafupi. Sifa na deheni zilikuwa za bei nafuu, zilipatikana popote palipo na mvuvi na tanuri la chokaa, na zilirudiwa bila kukwangua. Kwa hiyo pwani ilishikilia maarifa yake kwa kuchagua, si kwa kukosa.

5. Kufifia kwa msamiati

Mtepe ulitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Safari kubwa za majahazi ya Ghuba zilipungua sana katika miaka ya 1960 na 1970. Injini, mbao za bei ya juu, rangi za madukani na mashua za nyuzi za kioo vimebadilisha kilichobaki. Mahali pengine sifa imepishwa na mafuta machakavu ya injini, ambayo huingia majini na kudhuru mazalia ya samaki. Hata pale kazi za mikono zinapoendelea, zinaweza kuendelea bila utunzaji wake wa zamani. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kuzinduliwa mwaka 2018, ni mfano wa kufikirisha. Mafundi walitumia ujuzi wa kurithi kuunda umbo lake, na safari yake ya mwaka 2019 hadi Zanzibar ilileta ujumbe muhimu kuhusu uchafuzi wa bahari. Lakini plastiki haitobolewi na mdudu, wala haihitaji kulishwa mafuta. Ujuzi wa kuunda umevuka. Ujuzi wa kutunza umebaki ng'ambo ya pili.

Tatizo la lugha ni tofauti kidogo na hilo. Maneno mengi tuliyoyataja yamo kamusini, ila yamo kama visawe vilivyotawanyika: hapa aina ya mafuta, pale kitu cha kuzibia. Kamusi haimwambii msomaji kwamba deheni ni ya chini na sifa ni ya juu, wala kwamba kalafati hutangulia deheni, wala kwamba kazi yote imefungwa na bamvua. Maneno yakiondolewa katika mfuatano wake hubaki kama zana zilizotundikwa ukutani.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kushiriki katika warsha moja ya istilahi kwa ajili ya mafunzo ya ufundi wa mashua. Rasimu iliyoletwa ilitafsiriwa kutoka lugha ya kigeni, na ndani yake hatua nne tofauti za kuhifadhi ubao zilipewa tafsiri moja: kupaka rangi ya kinga. Hapakuwa na fundi hata mmoja mezani. Lilipopendekezwa neno deheni, lilikataliwa kwa hoja kwamba ni la kilahaja na limepitwa na wakati. Nafasi yake ikachukuliwa na kirai cha maneno saba. Kijana atakayefunzwa kwa kitabu cha namna hiyo atajua kupaka. Hatajua nini kipakwe wapi, wala kwa nini.

Hapa ndipo palipo na hasara ya kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliikubali lugha ya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021, na serikali za pwani zote zinazungumza juu ya uchumi wa buluu. Ikiwa lugha hiyo itaingia katika vyuo vya ufundi wa bahari ikiwa imevuliwa msamiati wake wa bahari, tutakuwa tumeipandisha cheo na kuipunguzia uwezo kwa wakati mmoja.

6. Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba msamiati wa utunzaji wa mbao za vyombo ni mfumo. Una sehemu: deheni chini, sifa juu, kalafati baina. Una wakati: bamvua kwa siku, pepo kwa mwaka. Una falsafa: kuulisha ubao badala ya kuufunika. Mfumo huu unashuhudiwa na waandishi tangu karne ya 10, na maneno yake yanatuonyesha pwani iliyokuwa sehemu ya bahari moja yenye maarifa ya pamoja. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kamusi za istilahi za bahari zipangwe kwa kufuata mchakato wa kazi, si kwa alfabeti pekee, ili kila neno lionekane mahali pake katika mfuatano. Kazi hii ianzie Matondoni, Nungwi na vijiji vingine ambako vyombo vya mbao vingali vinatengenezwa, na mafundi wahesabiwe kuwa wataalamu wanaolipwa kama wataalamu.

Pili, waandaaji wa mitaala ya ufundi katika Kenya na Tanzania wasitunge kirai palipo na neno. Neno la kilahaja lenye maana mahususi ni mali ya lugha sanifu inayosubiri kuchukuliwa. Msasa ulichukuliwa, na hakuna aonaye haya kuutumia.

Tatu, kutetea neno sifa si kutetea kuvuliwa kwa papa. Papa wa bahari hii wamepungua, na mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliweka spishi nyingi zaidi za papa chini ya udhibiti wa biashara. Linalopaswa kurithiwa ni kanuni: mafuta yapenyayo, yanayorudiwa kwa msimu, yasiyohitaji kukwanguliwa. Mafuta ya nazi na ya tondoo yanajulikana pwani tangu zamani, nayo yanafaa kujaribiwa na taasisi zetu za utafiti kabla ya kuagiza bidhaa za nje, na kabla mafuta machakavu ya injini hayajawa mazoea yasiyoondoka.

Nne, urithi ulindwe pamoja na mikono inayoutunza. Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa Urithi wa Utamaduni Usioshikika mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2011. Mwaka 2003 uliundwa mfano wa mtepe kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Tukio hilo latukumbusha kwamba kujenga ni tendo la mara moja, ilhali kutunza hakuna mwisho. Bajeti ya kila mradi wa urithi wa vyombo iwe na fungu la kudumu la matengenezo, na fungu hilo litaje kwa Kiswahili kazi zinazotakiwa, kwa majina yake.

Mabaharia wa Kiswahili husema kwamba kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngamani, ndani kabisa ya chombo, ndiko maji yaliyopenya hukusanyika, na ndiko hujulikana kama nje palitunzwa au hapakutunzwa. Lugha nayo ina ngama yake, na maneno yaliyoachwa bila kutumika huko ndiko yanakoelekea. Wajibu wetu ni kuyatoa kabla hayajazama.